Kutu Kumi za Gari Kuukuu, Kutoka Mvi Mpaka Mazishi

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Mutanga Sud, Bujumbura, ina mwembe mmoja mkubwa, na chini ya mwembe huo kuna Peugeot 504 ambayo haijasogea muda mrefu kiasi kwamba kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe ni mzee mstaafu, mtu wa heshima zake, ambaye kila Januari hutangaza kwamba mwaka huu analiamsha. Miaka hii Buja nzima imekesha kwenye foleni za esansi, yaani petroli, naye husimama getini akitutazama tukirudi na madumu matupu. "Gari langu," hutuambia, "halijalala foleni hata siku moja." Ukweli huo hauna jibu.

Jumamosi iliyopita alichoka kutaniwa. Akaunda jopo: fundi wa bodi kutoka mtaa wa Buyenzi, mimi kama jirani mwenye maneno mengi, na mjukuu wake wa miaka tisa, mshika tochi. Swali lilikuwa moja: linaokoka, au tumwite mnunuzi wa chuma chakavu? Tulikaa saa tatu chini ya mwembe. Tukatoka na hukumu, mayai sita na orodha hii.

Orodha inahesabu kurudi nyuma. Kumi ni kutu ya kuchekea. Moja ni kutu ya kuvulia kofia. Najua utabisha. Bisha, ila kwanza uiname chini ya gari lako. Ubishi wa mtu aliyesimama wima jopo haliupokei.

Kabla ya kuanza: nani haruhusiwi kushindana

Magari ya zamani ni ya aina mbili: ng'ombe na kaa.

Ng'ombe ana mifupa ndani, nyama na ngozi juu yake. Land Rover za kale ni ng'ombe: chini kuna chesisi kama ngazi ya chuma, juu kuna bodi ya aluminiamu. Ukiivua bodi yote, bado una gari, ingawa utanyeshewa. Volkswagen Coccinelle, Renault 4 na Citroën 2CV nazo ziko upande huo kwa namna yake, maana bodi zao zimefungwa kwa bolti juu ya bamba la chini. Zikioza, unazivua nguo na kuzifulia.

Kaa hana mifupa ndani. Ganda ndilo mfupa. Gari la namna hiyo mafundi wetu huliita kwa Kifaransa chao, monokoki: sakafu, paa, nguzo za milango na vizingiti vimechomelewa pamoja, na vyote vinabeba mzigo. Lancia Lambda ya mwaka 1922 ilionyesha njia, Citroën Traction Avant ya mwaka 1934 ikaifanya barabara kuu, na leo karibu kila gari dogo unalolijua ni kaa. 504, iliyozaliwa mwaka 1968, ni kaa. Kaka yake 404 ni kaa. Corolla ya shangazi yako ni kaa.

Ndiyo maana ng'ombe hawaruhusiwi humu. Kwao kutu ya bodi ni ugonjwa wa ngozi. Kwa kaa, kila kidonda cha ngozi lazima tuulize kama kimefika mfupani.

10. Mvi za paa na boneti

Rangi imepauka, vidoa vya kahawia vimetapakaa, na ukipitisha kiganja kinatoka chekundu kama umesalimiana na tofali. Watu wengi hukata tamaa hapa hapa, kwa sababu hii ndiyo kutu inayoonekana kutoka barabarani. Ndiyo kutu ya uongo kuliko zote. Kwaruza kwa ukucha. Ukikuta chuma kigumu chini yake, unahitaji msasa, rangi ya msingi na Jumapili mbili.

Gari kuukuu si gari baya. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally akiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kuchakazwa mashindanoni kabla hajaipata yeye. Hiyo nayo ilikuwa kaa. Magari mapya yalikula vumbi lake.

Hukumu: Linaishi. Hii si kutu, ni mvi. Na anayekushauri uliuze kwa sababu ya mvi, huyo huyo ndiye mnunuzi.

9. Milango na fenda zilizotoboka

Fenda ya mbele ya mzee ina tundu la kupitisha ngumi. Mjukuu aliipitisha, akaipunga upande wa pili. Mzee akashika kichwa. Fundi hakusimama hata kutazama, kwa sababu fenda za mbele za 504, milango, boneti na mlango wa buti vimefungwa kwa bolti na bawaba. Ni nguo hizo. Nguo ikichanika unanunua nyingine, na Buyenzi kuna watu wanaoweza kukupatia mlango wa gari lililokufa kabla hujazaliwa, mradi usiulize ni wa rangi gani.

Ila kuwa macho na fenda ya nyuma. Ile imechomelewa. Mbele unavua koti. Nyuma unachuna ngozi.

Hukumu: Badilisha, endelea na maisha. Gari lenye mlango wa buluu na mwili mweupe halina aibu yoyote. Limevaa viatu viwili tofauti, lakini linatembea.

8. Sakafu inayoonyesha barabara

Ukiinua zulia ukaona udongo, usipige kelele. Wapo waliosafiri hivyo kutoka Gitega mpaka Buja na kusifu upepo. Sakafu iliyotoboka katikati, kwenye bamba lililolala, ni kazi ya kawaida: kata mpaka ukute chuma kizima, pima, chomelea kiraka, ziba, paka rangi juu na chini.

Neno la kuzingatia hapo ni "mpaka ukute chuma kizima". Kuchomelea kiraka kwenye kutu ni kushona kitambaa kipya kwenye moshi. Na kiraka kiwe bati la gari. Bamba la bodi lina unene wa milimita moja hivi au pungufu kidogo. Bati la kuezekea ni jembamba zaidi tena limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka. Fundi wako atapimwa malaria, atakutwa hana, na atakuwa kitandani siku moja au mbili.

Kisha tazama pale bolti za viti na mikanda zinaposhikilia. Kutu ikifika hapo, kiti chako kimebaki kuwa mgeni ndani ya gari.

Hukumu: Linaokoka. Tundu la katikati ni dirisha. Tundu chini ya kiti ni mlango wa kutokea bila kupenda.

7. Gari lililoogelea

Mto Rusizi ulipofurika na kuingia Gatumba mwaka 2020, na tena miaka iliyofuata, magari kadhaa yalijifunza kuogelea bila mwalimu. Kila mtu hapa ana shemeji mwenye gari lililozama, linalouzwa "kwa bei nzuri sababu nina safari".

Hapa nitawaudhi wengi: gari lililozama katika maji yetu si lazima liwe limekufa. Shahidi wangu ni meli. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, si mbali na Kigoma, isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi kwa ukarimu. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mashine bado zina maana, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikaa sehemu kubwa ya miaka hiyo minane chini ya ziwa, kisha ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi.

Iliponea kwa sababu ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya bahari, na kwa sababu ya ile grisi. Gari la shemeji lina maji hayo hayo, lakini halikupakwa grisi, na tena limejaza matope ndani ya visanduku vya bodi, mahali ambapo mkono haufiki. Matope hayo hukaa na unyevu miezi mingi baada ya maji kuondoka.

Hukumu: Linaweza kuokoka, kama liliinuliwa mapema na kuoshwa ndani ya mifupa. Kama shemeji alifuta viti tu, mwache asafiri salama.

6. Bustani chini ya kioo cha mbele

Jopo lilipofika hapa, mzee akaanza kukohoa. Chini ya kioo cha mbele, boneti inapokutana na kioo, kuna mfereji wa maji ya mvua wenye matundu ya kutolea maji. Majani ya mwembe yameujaza mfereji huo tangu msimu wa mvua ambao hakuna anayeukumbuka, yakaoza, yakawa mbolea. Tulikuta mche. Simaanishi nyasi: mche wa mwembe, una majani manne, na una afya kuliko gari.

Majani yakiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani: yanashuka nyuma ya dashibodi, yanalowesha zulia, yanakaa. Ndiyo maana sakafu nyingi huoza kutoka juu kwenda chini wakati wenyewe wanalaumu barabara. Kwetu mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, toka Septemba au Oktoba mpaka Mei, na zulia lililoloa Oktoba linaweza kufika Juni halijakauka.

Bonyeza pembe za chini za kioo kwa kidole. Chuma kikilia kama chapati kavu, hesabu kutoa kioo, kuchomelea, kurudisha kioo, na kununua kioo kingine kwa sababu kile cha kwanza kilipasuka wakati wa kukitoa.

Hukumu: Linaokoka, lakini linaudhi. Mche ulihamishiwa kwenye kopo. Ndio kiumbe pekee kilichofaidika na gari hilo muongo huu, ukiondoa kuku.

5. Kutu yenye pasipoti

Kabla ya kuuliza gari lina kutu kiasi gani, uliza limeishi wapi. Kutu huzaliwa chuma, maji na hewa vinapokutana. Chumvi huvisukuma vikimbie: maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kuoza kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaosafiri bila kelele.

Ndugu zetu wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, tunawapenda, lakini magari yenu tunayapokea kwa bisibisi mkononi. Upepo wenu ni mtamu kwa mapafu, mchungu kwa vizingiti. Na 504 nyingi zilianzia kwenu, maana zilikuwa zikiunganishwa hapo Mombasa. Zilizaliwa zikinusa chumvi.

Msicheke, watu wa ziwa. Gari la mzee lilitoka Ubelgiji, ambako wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Lilipitisha huko majira ya baridi matatu kabla halijakanyaga Buja. Sisi tulikuwa tukijivunia "kutu yetu ya nyumbani", kumbe tunalea mgeni.

Hukumu: Inategemea viza. Kutu ya Buja ni mpangaji: ukimwambia, anahama. Kutu ya chumvi ni mrithi: kila ukifunua, anasema na chumba hiki ni chake.

4. Rangi mpya

Naona umeshangaa. Kutu kumi, na namba nne ni rangi nzuri inayong'aa? Naam. Gari la mzee lina bahati ya kuwa baya waziwazi. La kuogopa ni lile la jirani yake wa kufikirika: limepakwa juzi, linanukia, linauzwa haraka, na muuzaji anakuomba usiliegemee kwa sababu "rangi haijakauka vizuri".

Kuna kitu kinaitwa mastiki. Kazi yake halali ni kusawazisha mbonyeo mdogo. Kazi yake haramu ni kuwa chuma. Nimeona vizingiti vilivyojengwa kwa mastiki, magazeti na imani. Biblia ilikwisha kuwataja watu wa namna hiyo, makaburi yaliyopakwa chokaa, na wakati huo magari hayakuwapo.

Dawa iko kwenye friji yako. Mjukuu alikimbia ndani akarudi na sumaku iliyokuwa ikishikilia ratiba ya shule. Funga sumaku kwa kitambaa laini isichune rangi, ipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Inaposhika, kuna chuma. Inapoanguka, kuna hadithi.

Hukumu: Kimbia, au nunua kwa bei ya gari lililooza, maana ndilo unalonunua. Ratiba ya shule haijapatikana hadi leo, na mshika tochi hajaonyesha huzuni.

3. Kizingiti

Tumeingia wodi ya wagonjwa mahututi. Kizingiti ni ule ubavu wa chini ya milango, unaoukanyaga ukiingia; mafundi wa Bujumbura watakwambia "bas de caisse". Unaonekana kama pambo. Kwa kaa, huo ndio uti wa mgongo, tena wenye pande mbili. Ni kisanduku kilichofungwa, bati nje na bati ndani, na kinaozea ndani, gizani, huku nje kikikuchekea.

Wakazi wa Mutanga Sud hatuhitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Tuna mto Ntahangwa. Juu unaona nyumba, ukuta, maua, mbwa mkali. Chini mto unakula ukingo, msimu baada ya msimu, bila kugonga mlango. Siku moja ya mvua ukuta unaondoka na maua yake, na watu wanasema "jana tu ulikuwa mzima". Haukuwa mzima. Ulikuwa umesimama.

Basi fundi akachukua bisibisi, akabonyeza kizingiti cha kushoto. Kikakataa. Akahamia kulia, upande wa mwembe. Bisibisi ikazama mpaka mpini.

"Kijana wangu," mzee akasema, "tundu hilo umelitoboa wewe."

"Mzee, bisibisi haitoboi chuma kizima. Imekuta mlango uko wazi, ikaingia."

Tazama pia mishono, pale bati mbili zinapokutana. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo mshono ulioambukizwa huvimba kama andazi. Andazi likionekana nje, ndani karamu ilikwisha zamani.

Kizingiti kinatengenezeka, lakini hapo ndipo mafundi wengi wanapoua gari kwa nia njema. Ukikikata gari likiwa limening'inia, linapinda; ukilichomelea likiwa limepinda, umelihalalisha kuwa ndizi. Kwanza gari lilale sawa juu ya stendi imara. Chomelea vyuma vya muda kukaza uwazi wa milango. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Toa betri na tangi kabla ya cheche ya kwanza. Na usiseme "sisi wa Buja tangi limekauka siku nyingi": tangi tupu lenye mvuke wa esansi ni baya kuliko lililojaa.

Hukumu: Linaokoka kwa fundi mvumilivu. Fundi anayesema "nitakata vyote viwili leo, jioni uje uchukue" amekueleza ukweli nusu: jioni utakuja kuchukua.

2. Nyumba za springi

Fungua boneti, tazama kulia na kushoto. Kuna minara miwili ambamo vichwa vya springi na shokapu za mbele vimefungwa. Uzito wa mbele wa gari, kila shimo la barabara na kila breki ya ghafla vinapita hapo. Kisha lala chini, tazama reli mbili za chuma zinazokwenda nyuma kutoka mbele, "longeron" kwa lugha ya gereji, na mahali mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikwa.

Hapa hatuongelei viraka. Sehemu hizi hushikilia magurudumu mahali pake kwa vipimo, na kosa la milimita chache hufanya gari litembee kama kaa kweli, ubavu ubavu. Linaweza kuokolewa, lakini na mtu mwenye vipimo vya kiwanda, chuma cha unene unaostahili na mahali pa kuikazia bodi isicheze. Mtu huyo yupo. Anajulikana. Ana kazi nyingi, na hapokei simu ya mtu aliyelalia gari lake miaka kumi.

Ukumbuke sifa za ukoo huu. Bert Shankland, aliyeendesha kutoka Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. 504 ikashinda mwaka 1975 ikiwa na Ove Andersson. Ushindi huo uliwekwa juu ya minara hii hii. Injini ikizimika njiani, unasukuma. Mnara ukitoboka njiani, unaokota.

Minara ya mzee ilikuwa na vumbi, utando wa buibui na kutu ya mvi tu. Fundi aliigonga kwa nyundo, ikalia kama kengele. Mzee alisimama wima kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hukumu: Ikilia kengele, shangilia. Ikilia debe, anza kutafuta mnunuzi wa injini.

1. Mlango unaogoma

Hakuna haja ya tochi wala sumaku. Kipimo cha mwisho kinahitaji jeki na masikio.

Weka gari mahali palipo sawa. Fungua na ufunge kila mlango. Angalia mwanya kati ya mlango na fenda: uwe sawa juu na chini. Sasa inua upande mmoja kwa jeki, polepole, pasiwe na mtu chini ya gari, kisha ufungue na ufunge tena. Kaa mwenye ganda zima huinuka mwili mmoja, na mlango haujui kilichotokea. Kaa aliyevunjika hukunjika katikati. Mwanya unabana mwisho mmoja, unapanuka mwisho wa pili, mlango unakwama au unakataa kurudi. Kinachogoma pale si bawaba. Gari limesahau umbo lake.

Na ikiwa jeki inapanda lakini gari haliinuki, bali sakafu inameza jeki kama mtu anayemeza ugali, usiendelee na kipimo. Umepata jibu.

Upande wa kushoto wa 504 ulipita kwa heshima: mlango ulifunga "tuk", sauti ambayo Peugeot za zamani hutoa na magari ya siku hizi huiga. Upande wa kulia mlango ulisita, ukakwaruza, halafu, baada ya mzee kuusemesha maneno ya faragha, ukafunga. Mwanya wa juu ulikuwa umepungua kwa unene wa sarafu.

Hukumu: Mlango uliokwaruza ni onyo. Uliogoma kabisa ni mazishi. Pande zote mbili zikigoma, imba wimbo wa kuaga na uhifadhi usukani kwa kumbukumbu.

Nje ya mashindano: ulimi wa mwenye gari

Kuna kutu isiyopimwa na nyundo. Inasema "nitaanza mwakani". Inasema "lilikuwa linawaka vizuri nilipoliegesha". Inanunua taa mpya kabla ya kuchomelea kizingiti, kwa sababu taa zinaonekana. Hii imeua magari mengi kuliko chumvi yote ya Bahari ya Hindi, na hatukuipa namba kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameshikilia chai yetu.

Hukumu ya jopo

Kwa kura tatu dhidi ya sifuri, mshika tochi akihesabiwa: Peugeot ya Mutanga Sud inaokoka. Minara ni mizima, kizingiti cha kushoto ni kizima, na cha kulia kimeoza kwa urefu wa mkono mmoja, karibu na gurudumu la nyuma. Sakafu inataka viraka viwili. Mashimo tuliyahesabu, yalikuwa kumi na manne, na idadi hiyo haikumtisha fundi hata kidogo. Kilichompa kazi ya kufikiri ni lile moja lililokaa mahali pabaya. Kwa kaa, usihesabu mashimo. Uliza yako wapi.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kazi ikiisha, visanduku vyote vya bodi vijazwe mafuta mazito au grisi, kama walivyofanya wale walioizamisha Liemba huku wakifikiria siku itakayoinuliwa. Mzee alikubali papo hapo.

La pili, mwembe ukatwe, au gari lihamishwe.

Mzee alitazama mwembe. Akatazama gari. Akachukua embe moja lililoanguka juu ya boneti, akalifuta kwa shati.

"Embe linaliwa," akasema. "Gari linaliwa na kutu tu. Mwembe unabaki."

Jopo linaona hoja hiyo ni nzito. Kwa hiyo gari linahamia upande wa pili wa ua wiki ijayo, likisukumwa, na wasukumaji wanahitajika. Kama una ubishi kuhusu namba nne kuwa juu ya namba tano, njoo nao, utausema tukisukuma. Kuku wamekwisha kuarifiwa.